Muulize Anti: Rafiki yangu amefariki, na mi sio ndugu

Habari zenu wapendwa. Toleo hili nimeamua kuweka pembeni maswali ya ndoa na ya wakwe, mtanivumilia, maana kwa muda sasa barua zinazoingia zinagusa jambo moja tu, watu wamefiwa na marafiki zao na hawajui wafanye nini na huo uchungu. Nimechagua chache, majina yote nimeyatoa na pale ambapo mtu angeweza kutambulika nimebadilisha kidogo. Basi twende.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni kaka wa miaka 36. Mwaka huu nimempoteza rafiki yangu ambae nilianza nae darasa la kwanza mpaka tumekua watu wazima na familia zetu, kaugua ghafla tu, wiki haikuisha kaondoka. Kazini niliomba ruhusa bosi akaniuliza marehemu ni nani yako, nikasema rafiki, akasema ruhusa ya msiba ni ya mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa damu, basi nikaenda kuzika, kesho yake nipo kazini kama hakuna kilichotokea. Kwenye msiba wenyewe nilikuwa huko nyuma nabeba viti, waliosimama kumzungumzia ni binamu zake ambao kiukweli miaka mingi hawajaonana nae. Sasa hivi ni miezi minne, mke wangu mwanzoni alinibembeleza ila naona amechoka, juzi kaniambia "lakini baba, hakuwa ndugu yako yule". Anti mi nina shida? Mbona nilimzika baba yangu mzazi na sikulia hivi?

ANTI: Marahaba mwanangu, pole sana tena sana. Nijibu la mwisho kwanza maana naona ndo linalokutafuna, hapana, huna shida yoyote. Kumlilia rafiki kuliko ulivyomlilia baba haimaanishi baba hukumpenda. Hebu angalia tofauti ilivyokuwa, alipofariki mzee wako kila mtu alijua wewe ndo mfiwa, watu walikuja kwako, ulipewa siku za kukaa nyumbani, kila uliekutana nae alikupa pole, yaani ule uchungu mlibeba wengi. Safari hii umeachiwa peke yako na juu yake unaambiwa hata sio wako. Hapo unategemea uwe mwepesi?

Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Kenneth Doka, mwaka 1989 alitoa kazi yake kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui, maana yake mtu amefiwa kweli kabisa lakini watu hawamhesabu kwenye wafiwa, kwa hiyo hapewi ruhusa, hapewi pole, hata pa kulilia hana. Marafiki wamo humo, wapenzi ambao uhusiano wao ulikuwa haujulikani wamo, hata mtu aliyeachana na mwenza wake alafu yule mwenza akafariki nae yumo. Na alichokisema ni kwamba huzuni ya namna hii inaweza kuwa ngumu zaidi, sio kwa sababu mfiwa ni dhaifu, ni kwa sababu msaada ambao wafiwa wengine wanaupata yeye amenyimwa. Nakuletea hili ujue kwamba kilichokupata kinajulikana na kimesomwa, sio wewe unayejidekeza.

Alafu kuna hili la tangu darasa la kwanza, naomba watu wasilipite haraka. Ndugu unazaliwa unamkuta, rafiki mlichaguana, na kila mwaka mliendelea kuchaguana wakati hakuna sheria wala ukoo uliowalazimisha, angeweza kuondoka siku yoyote na hakuondoka. Huyo ndo alikuwa anakujua ulivyokuwa kabla ya cheo, kabla ya mke, kabla hujaanza kuitwa baba fulani. Kuna mambo ya utoto wako ambayo sasa hivi hakuna mtu mwingine duniani wa kumwambia "unakumbuka siku ile" akakujibu. Kwa hiyo umempoteza yeye na umepoteza pia shahidi wa maisha yako, na hiyo hasara ya pili ndo watu wa nje hawaioni kabisa.

Mkeo usimkasirikie. Nahisi yeye anamjua marehemu kama mgeni aliyekuwa anakuja kukaa na wewe mkacheka mambo ambayo yeye hayajui, hamjui kama unavyomjua wewe. Mtafutie muda mzuri umsimulie, usianze na "hunielewi", anza na hadithi, mlivyokutana, alivyokufanyia siku ambayo ulikuwa huna mtu, alichokwambia siku ya harusi yenu ambacho yeye mkeo hakukisikia. Mtu akishaelewa ulikuwa na nini ndo anaelewa umepoteza nini. Na kazini, kwa kuwa sheria na taratibu nyingi za ruhusa ya msiba kweli zinaishia kwa familia ya karibu, chukua hata siku mbili tatu za likizo yako ya mwaka bila kuomba radhi, miezi minne sio kuchelewa.

Cha mwisho kwako, watafute wale wengine. Mtu kama huyo hawezi kuwa alikuwa na rafiki mmoja tu, wapo na wengine waliobeba viti huko nyuma. Kaeni hata watatu, mumtaje, mcheke, mlie, mpange siku ya kuonana tena. Zamani wataalamu wengi, wakifuata alivyoandika daktari Sigmund Freud mwaka 1917, waliona kazi ya mfiwa ni kumtoa marehemu moyoni taratibu mpaka awe huru, alafu mwaka 1996 wakaja watafiti watatu, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, wakasema hapana, wafiwa wengi ambao wako sawa kabisa na maisha yao hawakati uhusiano na aliyekufa, wanaubadilisha tu uwe wa namna nyingine. Mi niko upande wa hawa wa 1996 moja kwa moja. Usihangaike kumsahau, hutakiwi.

SWALI: Anti, familia ya rafiki yetu imeniomba nizungumze siku ya kumbukumbu yake, anatimiza mwaka tangu atutoke. Tatizo ni kwamba huyu mtu alikuwa na mambo yake jamani, alikuwa anakopa harudishi, mkikubaliana saa nne anatokea saa nane, na ulimi wake ulikuwa mkali akikwambia kitu unakaa nacho wiki nzima. Lakini tulimpenda sana. Nikisimama nikasema alikuwa malaika wenzangu watashangaa, nikisema ukweli familia itanichukia. Niseme nini? Dada, miaka 29.

ANTI: Mdogo wangu, sema ukweli ila uchague ukweli upi. Kila marehemu akisemewa ni "mpole, mcheshi, mpenda watu", na ukisikiliza vizuri maneno hayo unaweza ukayahamishia kwa marehemu yeyote yakamkaa. Watu wakitoka hapo wanakuwa wamesikia hotuba ila yeye mwenyewe hawajamuona. Mi naamini heshima kubwa ya kumpa rafiki aliyekufa ni kumrudisha pale mbele ya watu jinsi alivyokuwa, hata kwa dakika tano, mama yake aseme "eeh ndo yeye huyo".

Sasa utachaguaje. Kasoro ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaicheka akiwa hai, isimulie kwa upendo. Huko kuchelewa kwake nna uhakika alishataniwa mpaka basi, kwa hiyo kuseme, alafu useme na mlichokuwa mnakifanya wakati mnamsubiri na jinsi alivyokuwa akifika tu hasira zote zinaisha. Kasoro aliyokuwa anaificha, au iliyomuumiza mtu ambae atakuwa amekaa pale, hiyo sio yako kuitaja. Madeni usiyaguse hata kwa utani, huwezi kujua nani pale anamdai na nani katika familia ameyarithi. Ule ulimi mkali, angalia kama kuna siku ulikusaidia, maana watu wa hivo mara nyingi ndo waliotuambia kitu ambacho wengine waliogopa kutuambia. Kama ipo hiyo siku, hadithi yako imeshapatikana.

Hadithi moja inatosha, mbili ni nyingi. Iwe na vitu vidogo vya kweli, alisimama wapi, alivaa nini, alisema maneno gani hasa, sio "alikuwa ananisaidia sana" bali alikusaidia nini, lini, na akakwambia nini ulipotaka kumshukuru. Andika kabisa, usitegemee kichwa. Dakika tano kwa mtu anaezungumza polepole ni kama maneno 500 hivi, kwa hiyo karatasi moja na kidogo, maandishi makubwa maana machozi yakija huoni kitu. Nakala ya pili mpe rafiki mwingine akae karibu, ukishindwa kuendelea yeye anapokea hapo ulipoishia. Kabla ya siku yenyewe msomee mmoja wa familia ambae mnaelewana nae, dada yake au mdogo wake, sio kwa ajili ya kuomba kibali, ni ili wasikutane na hadithi mpya mbele ya watu.

Na hata kama hiyo siku isingekuwepo ningekwambia uandike tu. Kumbukumbu zetu haziko kama tunavyodhani. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alionyesha tangu mwaka 1932 kwamba mtu akikumbuka kitu haendi kukichukua kilipohifadhiwa kikiwa kizima, anakijenga upya, na kila akisimulia anakilainisha, anaondoa kisichoeleweka, anaongeza kinachofaa. Kwa marehemu hiyo kazi inaenda haraka sana kwa sababu wote tunataka awe mzuri. Miaka kumi ijayo mtakuwa mnamzungumzia mtu mpole mnyamavu ambae hamjawahi kukutana nae. Kwa hiyo wewe na wenzako andikeni sasa hivi vile vitu visivyosemwa kwenye hotuba, alivyokuwa anapokea simu, alivyokuwa anatembea, neno alilokuwa analitumia vibaya miaka yote na hataki kusahihishwa, alikuwa akikasirika anafanyaje. Hivo ndo vinapotea mwanzo kabisa.

SWALI: Anti za saa hizi. Rafiki angu kipenzi alifariki miezi mitano iliyopita, nna voisi noti zake kibao kwenye WhatsApp, zingine hata hajasema kitu anacheka tu. Simu yangu imeanza kuzingua naogopa ikizima ndo basi. Alafu naona kwenye namba yake picha imetoka, sijui ndo wanaifuta? Na Facebook juzi ikanikumbusha nimtakie heri ya kuzaliwa, nililia mbele za watu. Nifanyeje nisipoteze sauti yake? Binti, 23.

ANTI: Mwanangu hili lifanye leo leo, ukimaliza kusoma hapa. WhatsApp kwa kawaida inafuta akaunti ambayo haijatumika kwa siku 120, kwa hiyo kama hakuna anayetumia laini ile basi ndo maana unaona picha imetoka. Usiogope, akaunti yake ikifutwa meseji na sauti ambazo tayari zimo kwenye simu yako hazifutiki kwa sababu hiyo. Hatari yako wewe ni hiyo simu inayozingua.

Ingia kwenye mazungumzo yenu, kuna sehemu ya kuhamisha gumzo, utachagua pamoja na midia, itakutengenezea faili ambalo unaweza kujitumia kwa imeli au kuliweka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Sema kama mazungumzo ni marefu mno faili hilo linaweza lisibebe kila kitu, kwa hiyo zile voisi noti ambazo kweli huwezi kuishi bila hizo zitume moja moja kwenda kwenye imeli yako, alafu ziweke na kwenye kompyuta au flashi, na rafiki mwingine au mama yake umpe nakala. Sehemu tatu tofauti, usiridhike na moja. Ukishahifadhi zifungue usikie kama zinacheza kabla hujafuta chochote wala kubadilisha simu. Na angalia kama kwenye gumzo lenu mliwasha meseji zinazojifuta zenyewe, zile za saa 24, siku 7 au siku 90, kama iliwashwa basi harakisha zaidi. Zipe faili majina yanayoeleweka, "anacheka siku ya mtihani", maana baada ya miaka utakuwa na faili lenye namba tu na hujui lipi ni lipi.

Kumbuka pia kwamba makampuni ya simu laini ikikaa muda mrefu bila kutumika huwa wanaigawa namba kwa mteja mwingine. Kwa hiyo siku moja unaweza ukaona namba yake ina picha ya mtu usiemjua, au umepiga kwa hamu tu ikapokelewa na mgeni. Nakwambia mapema isije ikakushtua. Ukitaka namba ibaki kwenye simu yako ibaki, hakuna kosa, ila nakushauri usitume zile meseji za "nimekumiss" kwenye namba ile, mtu mwingine atazisoma.

Facebook ina utaratibu wake tangu mwaka 2009, akaunti ya aliyefariki inaweza kugeuzwa kuwa ya kumbukumbu, inabaki na picha zake na maneno yake, hakuna anayeweza kuingia tena kama yeye, na zile taarifa za birthday zinakoma. Rafiki anaweza kuomba ifanyike hivyo, watataka uthibitisho wa kifo. Lakini tafadhali usiombe bila kuongea na familia yake, kwa sababu ikishageuzwa hata wao kama walikuwa na neno la siri hawaingii tena, na huenda kuna picha au mawasiliano walikuwa bado wanayatafuta. Na kama yeye alitumia akaunti ya Google kuhifadhi picha waambie familia wasikae kimya muda mrefu, Google tangu mwisho wa 2023 wanaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka 2.

Na kuhusu kusikiliza, kuna watu watakwambia unajitesa. Ukisikiliza ukalia alafu ukainuka ukaendelea na siku yako, hujitesi. Kama unajikuta unasikiliza usiku kucha hulali, mpe mtu mwingine hifadhi hizo zote akutunzie kwa wiki chache, zipo salama, utazirudia.

SWALI: Naomba usitaje chochote kuhusu mimi. Tulikosana na rafiki yangu kwa jambo la kipuuzi kabisa. Akanitumia meseji akasema tuyamalize bwana maisha mafupi. Nikaisoma nikaiacha, nikasema moyoni acha nae ajifunze. Baada ya siku kadhaa akapata ajali. Ile meseji bado ninayo haijajibiwa. Kila mtu ananipa pole na mimi najiona muongo.

ANTI: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi. Sitakwambia "amekusamehe", kwa sababu siwezi kumsemea na wewe usingeniamini.

Ila naomba usome tena kile ulichokiandika mwenyewe. Unachokijua kwa uhakika kuhusu moyo wake siku zake za mwisho ni kwamba alitaka muyamalize. Hukuambiwa na mtu, aliandika kwa mkono wake. Watu wengi waliofiwa katikati ya ugomvi hawana hata hicho, wanabaki wanakisia miaka yote kama yule mtu aliondoka na kinyongo. Yako wewe ipo kwenye simu. Upande wake ugomvi uliisha, aliyebaki hajamaliza ni wewe.

Na kuhusu kunyamaza kwako, wewe leo unamhukumu mtu wa siku ile kwa kitu ambacho siku ile alikuwa hakijui. Marafiki wote wanaopendana hununiana wakijua kuna wiki ijayo, ndo maana wanathubutu kununa, mtu usiekuwa na uhakika nae huwezi kumnunia. Uliacha meseji ya rafiki ambae ulikuwa na uhakika utamjibu. Kulikuwa na kiburi ndani yake, sawa, sikufichi, kiburi kilikuwepo. Lakini kiburi cha siku chache ndani ya urafiki wa miaka hakiugeuzi ule urafiki kuwa uongo. Unapopewa pole pokea, ni yako.

Jibu ile meseji. Sio kwa kuituma, andika kwenye karatasi, mwambie yote, ulichokasirikia, ulichokuwa unasubiri, ungesema nini kama mngeonana. Andika na ile sehemu ambayo bado unaona yeye alikosea, usijifanye kwamba kwa vile amekufa basi makosa yote yalikuwa yako, huo nao ni uongo na utakukaba. Alafu tafuta mtu mmoja, mmoja tu, aliyewajua nyote wawili, umsomee au umueleze. Hii siri ukikaa nayo peke yako ndo inakua. Mtu huyo akikusikiliza utaona atakukumbusha mambo mengine ya kwenu ambayo huu ugomvi umeyafunika kama vumbi juu ya kioo. Na kama kuna siku unawaza kwamba bora ungekufa wewe au hustahili kuishi, siku hiyo usiandike barua wala usinisubiri mimi, mwambie mtu aliye karibu yako wakati huo huo na uende kwa daktari, hilo linatibika.

SWALI: Anti mi swali langu fupi. Nimemuona rafiki yangu marehemu mara mbili barabarani, mara moja nikamfuata kabisa kumbe ni mtu mwingine. Usiku nahisi yupo chumbani. Nachanganyikiwa? Na nimesoma kuna hatua tano za msiba, nitajuaje niko ya ngapi?

ANTI: Huchanganyikiwi. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti wake, alizungumza na watu 293 waliofiwa na wenza wao na karibu nusu walisema wamewahi kuhisi, kumuona au kumsikia marehemu. Wengi wao walikuwa hawajawahi kumwambia mtu yeyote, kwa kuogopa hicho hicho unachokiogopa wewe. Hao ni wajane na wagane lakini ubongo ni ule ule, umezoea kumtafuta mtu kwenye umati na haujaacha bado.

Hatua tano, zile za kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni kuu na kukubali, achana nazo. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alipozitoa mwaka 1969 alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, jinsi wanavyoipokea habari hiyo, ni baadae ndo zikahamishiwa kwa wafiwa na watu wakaanza kuzifanya ratiba. Huzuni haiendi kwa foleni. Mi napenda zaidi walivyosema watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999, kwamba mfiwa anaenda na kurudi, saa hii uko ndani ya uchungu kabisa, saa nyingine unashughulika na kazi, bili, watoto, unacheka hata, alafu unarudi tena, na huko kwenda na kurudi ndo kupona kwenyewe. Kwa hiyo ukicheka usijione msaliti.

Cha kuangalia ni kama muda unapita na hakuna kurudi, ni upande mmoja tu. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022 linatambua huzuni iliyopitiliza, pale ambapo hamu na uchungu mkali vimeendelea zaidi ya miezi 6 na mtu hawezi kabisa kuendesha maisha yake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kwa mtu mzima unasubiri miezi 12. Ukijiona umefika huko nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, yapo matibabu ya mazungumzo yaliyotengenezwa hasa kwa ajili hiyo.

SWALI: Shikamoo Anti, mama wa marehemu rafiki yangu ananipigia simu mara kwa mara. Namuheshimu kama mama yangu ila naogopa kupokea, sijui nimwambie nini, naogopa nikimtaja mwanae nitamtonesha. Na kuna mambo ya marehemu ambayo mi nayajua yeye hayajui, nahisi ananizungukia ayajue. Kaka, 31.

ANTI: Marahaba mwanangu. Pokea simu, tafadhali sana. Unadhani ukimtaja utamkumbusha? Hajasahau hata dakika moja. Kinachowaumiza wazazi wengi waliofiwa ni kwamba baada ya muda hakuna tena anayelitaja jina la mtoto wao, kila mtu anazunguka kama unavyozunguka wewe, na mzazi anabaki kama vile yule mtoto hakuwahi kuwepo. Wewe anakutafuta kwa sababu unacho kitu ambacho yeye hana. Yeye anamjua mwanae wa nyumbani, wewe unamjua wa nje, alivyokuwa kazini, alivyokuwa na wenzake, alichokuwa anakisema kuhusu mama yake wakati mama hayupo. Hicho cha mwisho ndo zawadi kubwa kuliko zote na hakuna mwingine wa kumpa.

Usimuulize "unaendeleaje mama", hilo swali mfiwa hana jibu lake. Anza na "mama leo nimemkumbuka, unajua kuna siku...", umsimulie kitu kimoja kidogo. Akilia mwache alie, usikate simu wala usibadilishe mada, kaa nae kimya kwenye laini mpaka atulie. Siku ya kuzaliwa ya marehemu na tarehe aliyofariki ziandike kwenye kalenda ya simu yako, uwe wewe unayepiga, maana mwaka wa kwanza watu wanakumbuka, mwaka wa tatu simu zinakuwa chache sana. Na ukiwa na picha zake ambazo mama hana mpelekee.

Sasa hizo siri. Mi msimamo wangu ni kwamba siri uliyopewa na rafiki inabaki siri hata akifa, kifo hakikupi ruhusa. Lakini kuna vitu viwili vinabadilisha hesabu. Kama kuna mtu aliye hai ambae haki yake imefungwa ndani ya hiyo siri, labda mtoto ambae hajatambuliwa, deni, mali, ugonjwa ambao unaweza kuwa wa kurithi kwenye familia, hapo kunyamaza kunamuumiza mtu asiye na kosa, kwa hiyo sema, ila sema kwa anaehusika na sio kwa ukoo mzima, na ukiweza tafuta ushauri wa mwanasheria au daktari kwanza kutegemea ni nini. Na kama mama anachozungukia ni maumivu yake mwenyewe, "alikuwa na uchungu? alikuwa ananilaumu?", jibu kile unachokijua kweli, usimtungie, na kama hukijui mwambie mama hilo hakuwahi kuniambia. Yaliyobaki, mapenzi yake, ujana wake, mambo aliyoyafanya akaona aibu akakwambia wewe tu usiku mmoja, hayo mama akikubana mwambie kwa heshima, "mama, hayo aliniachia mimi". Ataelewa, na atafurahi kwamba mwanae alikuwa na mtu wa kumuachia.